Msomaji Wako Amekuja na Haja Gani?

Kuna kijana wa Mbeya ninayemfahamu ambaye tovuti yake huamka mara moja kwa mwaka. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, yeye huyapanga kwa mikoa na wilaya ili mzazi aliye shambani na simu ndogo ayapate bila kuhangaika. Kwa siku mbili tatu wageni humiminika. Mwaka alionijia alikuwa amefura kwa hasira. Mchoro wa wageni ulipanda kama Mlima Rungwe, mchoro wa pato ukalala kama bonde la Usangu. "Mwalimu, hawa watu wananiibia," akaniambia. Tulikaa na hesabu zake jioni nzima, na mwisho nikamweleza nilichokiona: hakuna aliyemwibia.

Nimewashauri wenye tovuti kwa miaka mingi sasa, na karibu wote hunijia na swali moja: nifanyeje ili nikubaliwe kuweka matangazo? Hilo ni swali la pili. La kwanza, ambalo wachache huliuliza, ni kama tovuti yenyewe inafaa kuishi kwa matangazo. Zipo zinazofaa sana. Zipo zinazofaa kwa njia tofauti kabisa na ile mwenyewe anayoiwazia. Na zipo ambazo tangazo likiingia, huua kile kilichowaleta watu. Wingi wa wageni hautakusaidia kuzitenganisha. Inabidi ujue mgeni amekuja na haja gani, na kama yupo mfanyabiashara mwaminifu aliye tayari kulipa ili asimame karibu na haja hiyo.

Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi na mapema. Mvuvi anaweza kuwa amekesha nyuma ya kisiwa cha Sinda, mikono imechubuka kwa kamba, lakini akifika mnadani bei haipangwi na jasho lake. Hupangwa na wanunuzi waliosimama pale saa ile. Wakiwapo mama lishe watatu na mwenye hoteli mmoja, wote wanataka changu wale wale, bei hupanda. Akisimama mnunuzi mmoja tu, mvuvi hupokea anachopewa.

Matangazo ya intaneti huuzwa hivyo hivyo. Kila mtu anapofungua ukurasa wako, nafasi ya tangazo hunadiwa kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Programu za wanunuzi huangalia msomaji yuko nchi gani, ukurasa unahusu nini, na mara nyingi alikuwa akitafuta nini siku zilizopita. Anayetoa bei kubwa ndiye tangazo lake huonekana. Mtandao wa AdSense wa Google, ulioanza mwaka 2003 na ndio wengi wetu tunaanzia, kwa miaka mingi umempa mwenye tovuti asilimia 68 ya kinacholipwa na mtangazaji. Tangu mwanzoni mwa 2024 hulipa kwa tangazo kuonyeshwa, si kwa kubofywa kama zamani. Nalisema hili kwa sababu bado nakutana na vijana wanaowaomba ndugu na marafiki wabofye matangazo yao. Hilo lilikuwa kosa la kufungiwa akaunti tangu siku ya kwanza, na sasa hata faida ya kujidanganya nayo haipo.

Turudi kwa kijana wa Mbeya. Msomaji wake alikuja na namba ya mtahiniwa mkononi na moyo unadunda. Akaona daraja, akapiga kelele au akanyamaza, akafunga. Alikaa sekunde chache. Hakuwa ananunua kitu, hakuwa anafikiria kununua, na wanunuzi wa mnadani walijua hivyo. Tena maelfu walikuja kwa mpigo, na matokeo yale yale Baraza huyatoa bure kwenye tovuti yake. Ukimuuliza mnadi samaki, atakwambia mzigo wa namna hiyo ukoje: mwingi, wa siku chache, na kila mtu anao.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mnada ule haukuliona, na kijana mwenyewe hakuliona. Saa mbili baada ya kelele kutulia, mzazi yule yule huanza kuuliza jingine: mtoto amepata daraja la tatu, sasa aende wapi? Chuo gani cha afya kinampokea? Ada ni shilingi ngapi? Vyuo vya ufundi vya VETA vinaanza lini kuchukua? Hiyo ni haja yenye wanunuzi. Vyuo vya kati vya nchi hii hulipia redio, hubandika mabango stendi, hutuma magari yenye vipaza sauti. Tovuti ya matokeo haikufaa kwa matangazo ya mtandao, ila ukurasa mmoja wenye majibu ya kweli kwa swali la "sasa aende wapi", uliohakikiwa ada na sifa za kujiunga, ulifaa sana kwa mkataba wa moja kwa moja na vyuo. Ukurasa huo hakuwa ameuandika. Alikuwa ametumia siku zake zote kukimbizana na kasi ya seva.

Watu hawapendi hesabu, lakini hapa haiepukiki. Chukua pato lako la mwezi, ligawe kwa idadi ya kurasa zilizofunguliwa, kisha zidisha kwa elfu moja. Hilo ndilo pato kwa kurasa elfu, na ndiyo namba ya kwanza ninayomwomba mtu. Idadi ya wageni huja baadaye. Tuseme ni nusu dola. AdSense haikulipi mpaka ufikishe dola 100. Kwa nusu dola kwa kila elfu, unahitaji kurasa 200,000 ili ulipwe mara moja. Mwenye kurasa 10,000 kwa mwezi atasubiri miezi 20. Huyo anangoja bahati, na biashara bado hajaianzisha.

Sasa mtazame mama mmoja wa Dodoma anayeandika kuhusu kuku wa kienyeji. Wageni wake hawazidi elfu nane kwa mwezi, na aliponijia aliona aibu kunionyesha. Nikafungua kurasa zake zinazosomwa zaidi. Ya kwanza: jinsi ya kuchanja kideri. Ya pili: kuchanganya chakula cha vifaranga nyumbani. Ya tatu: mashine ya kutotolesha mayai ni kiasi gani na ipi haiharibiki umeme ukikatika. Nilimwambia, mama, wewe umekalia dhahabu. Chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo msomaji wake harudi kwa mapenzi tu, hurudi kwa sababu kuku watakufa. Na kila anaporudi, kando yake kuna muuza vifaranga, muuza chakula, fundi wa mashine, duka la dawa za mifugo.

Kwa mnada wa mtandao, wasomaji elfu nane wakifungua kurasa mbili kila mmoja, kwa nusu dola ile ile, angepata dola 8, kama shilingi 20,000. Kwa kwenda mwenyewe kwa wafanyabiashara watatu na kuwatoza shilingi 60,000 kila mmoja kwa mwezi, angepata 180,000, na zingeingia kwenye simu yake siku hiyo hiyo badala ya kusubiri benki. Kiwango hicho nilimpa kama mfano wa kuanzia mazungumzo. Lakini angalia ukubwa wa pengo. Mnada wa mbali hauwajui wauza vifaranga wa Dodoma, nao hawaujui. Mama anawajua kwa majina.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wataalamu wengi wanaofundisha somo hili kwa kutafsiri mafunzo ya Marekani. Mafunzo yale yameandikiwa mahali ambapo kila kampuni ndogo, hata ya kuziba mabomba, tayari inanunua matangazo mtandaoni, kwa hiyo mnada umejaa wanunuzi. Kampuni za huko zinazosimamia matangazo ya tovuti za watu, kama Mediavine, kwa muda mrefu ziliwakubali wenye ziara 50,000 kwa mwezi na zaidi, na Raptive ilitaka kurasa 100,000, zote zikitazama kwa makini wasomaji wanatoka nchi gani. Tovuti ya Kiswahili yenye wasomaji wa Singida na Kakamega haikosi thamani. Iko tu kwenye mnada ambao wanunuzi wake bado wako redioni na kwenye mabango. Anayewafuata huko waliko atakula. Anayewasubiri mtandaoni atalala njaa.

Kiswahili chenyewe si kikwazo kama wengi wanavyodhani. Bei mnadani hufuata zaidi mahali msomaji alipo kuliko lugha anayosoma. Msomaji wa Kiswahili aliyeko Muscat, London au Minneapolis hunadiwa kwa bei ya huko. Nimeona tovuti ya mapishi ya pwani ambayo robo tu ya wasomaji wake walikuwa ng'ambo, na robo hiyo ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya pato. Anayeandika kuhusu kutuma fedha nyumbani, kununua kiwanja ukiwa mbali, au nauli za kurudi likizo, ana wasomaji ambao mnada unawapenda. Ila ajue kwamba kuwahudumia watu wa Ulaya kuna masharti yake: tangu Januari 2024 Google hudai kwamba tovuti inayoonyesha matangazo yake kwa wasomaji wa Umoja wa Ulaya na Uingereza itumie chombo kilichothibitishwa cha kuomba ridhaa yao. Na hata nyumbani, Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023. Matangazo yanayomfuata msomaji kwa historia yake yanagusa sheria hizo moja kwa moja.

Gharama nyingine watu huzisahau mpaka zibishe hodi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mtoa huduma alipe shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni moja ya kila mwaka. Ada zilipunguzwa baadaye, na kila mtu anapaswa kuuliza mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kundi lake ni lipi kabla ya kuanza. Lakini fanya hesabu ya wakati ule ili uone uzito wake: milioni 2.1 zilikuwa kama dola 930. Kwa nusu dola kwa kila kurasa elfu, ungehitaji kufunguliwa kurasa zipatazo 1,860,000 kulipia tu haki ya kuwepo, kabla ya seva na kabla ya chakula chako. Kenya nayo, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi. Kodi na leseni hazifanyi tovuti isifae. Zinainua tu kimo cha kuruka.

Kuna mlipaji mwingine ambaye hatajwi kwenye hesabu hizi, naye ni msomaji mwenyewe. Kwetu tangazo si bure kwa anayelitazama. Analipia bando. Makala ya Kiswahili ya maneno elfu moja ni kilobaiti chache tu, na tangazo moja lenye video linaweza kuwa zito kuliko makala mia. Mwaka 2020 Google yenyewe iliamua kivinjari chake cha Chrome kiondoe tangazo lolote ambalo msomaji hajaligusa na ambalo limetumia zaidi ya megabaiti 4. Kikomo hicho ni cha kuzuia wizi wa wazi tu. Mama wa kijijini aliyenunua bando la siku ili asome dalili za homa ya mtoto anaumia muda mrefu kabla ya kufika hapo. Mwenye tovuti anayejaza ukurasa matangazo sita anachukua bando la msomaji ili yeye apate sehemu ya senti ya dola. Nasema wazi: hiyo ni dhuluma, na tovuti ambayo haiwezi kujiendesha bila kufanya hivyo haifai kwa matangazo, hata ikikubaliwa na kila mtandao duniani.

Nimefika kwenye lililonifanya niandike safu hii.

Muuguzi mmoja, ambaye sitamtaja, ana tovuti kwa ajili ya wazazi wenye watoto wa selimundu. Ameandika kwa Kiswahili safi mambo ambayo wazazi wengi hawaambiwi kliniki kwa sababu foleni ni ndefu: maji kiasi gani, homa ya kukimbilia hospitali ni ipi, maumivu yakianza usiku ufanye nini kwanza. Gharama za seva zilipomlemea, mtu alimshauri aweke matangazo. Alikubaliwa haraka, kwa kuwa maandishi yake ni ya asili na yana thamani. Wiki ya pili mzazi mmoja alimpigia simu kumuuliza kama ile dawa ya mitishamba "uliyoiweka pale juu" inaponya kabisa, kwa sababu alikuwa anafikiria kuacha vidonge vya mtoto.

Hakuwa ameiweka yeye. Mnada ndio ulioiweka. Alipokuja kwangu macho yalikuwa mekundu. Tulizuia makundi yanayoweza kuzuiwa: kupunguza uzito, utajiri wa haraka, unajimu, na mengine. Tukaziba tangazo lile. Lingine likaja kwa jina jingine. Ndivyo unavyofanya kazi mfumo ambao mwenye tovuti huliona tangazo baada ya kuonyeshwa kwa watu. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho takwimu hazikuwa zimenionyesha. Kuna tovuti ambazo haja ya msomaji ni kubwa mno, na hofu yake ni kubwa mno, kiasi kwamba anayeitaka nafasi ile kwa bei ya juu kabisa ni tapeli. Bei nzuri hapo ndiyo dalili ya hatari. Mgonjwa, aliyefukuzwa kazi, mwenye deni, binti mwenye mimba asiyejua amwambie nani: hawa wote wana haja kali, na mnada hauna njia ya kutofautisha haja na udhaifu. Mwandishi ndiye anayepaswa kutofautisha.

Muuguzi aliyaondoa matangazo yote. Tovuti sasa inalipiwa na michango midogo ya wazazi wenyewe.

Si uamuzi wa wanyonge huo. Mwaka 2002, Wikipedia ikiwa na mwaka mmoja tu, sehemu kubwa ya wahariri wake wa Kihispania waliondoka na kuanzisha kamusi elezo yao kwenye seva za Chuo Kikuu cha Sevilla, na mojawapo ya sababu ilikuwa hofu kwamba matangazo yangewekwa. Wikipedia haikuyaweka. Leo ni miongoni mwa tovuti zinazotembelewa zaidi duniani na bado inaendeshwa kwa michango. Kwa hesabu ya kurasa elfu, huenda hakuna tovuti iliyokataa fedha nyingi kuliko hiyo. Ambacho kingeuzwa pale ni imani kwamba hakuna aliyelipia sentensi unayoisoma.

Kwa tovuti za dini nasema kwa ufupi: ikiwa wasomaji wako wanakuja kwa mawaidha au mahubiri, usiwaachie watangazaji usiowajua uwanja wa msikiti au kanisa. Duka la vitabu, msafirishaji wa mahujaji, mshonaji wa kanzu, hao wanajulikana na wanaweza kualikwa kwa majina. Za watoto vilevile: mtoto hanunui, na kumfuatilia ili auziwe ni jambo ambalo sheria za nchi nyingi zinalibana.

Jambo la mwisho la kupima ni njia ambayo wasomaji hukufikia. Tovuti yenye wasomaji wengi wanaotoka kwenye injini moja ya utafutaji ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha kupanga. Mwezi Septemba 2023 Google ilibadilisha mizani yake ya kupima maudhui, na tovuti nyingi ndogo zilizokuwa zikilisha familia zilipoteza wasomaji wengi ndani ya wiki chache. Tangu Mei 2024 injini hiyo imeanza kumpa mtafutaji jibu lililotungwa na akili unde juu kabisa ya ukurasa, na asiyebofya kwenda kwako haoni tangazo lako. Mama wa kuku nilimshauri afungue orodha ya namba za simu za wasomaji wanaotaka kukumbushwa siku ya chanjo, kwa ridhaa yao. Wakati nikiandika haya orodha ina mamia ya wafugaji, na wauza vifaranga huiulizia kabla hawajauliza idadi ya kurasa.

Basi kama una tovuti na unawaza matangazo, fanya hivi wiki hii kabla ya kujaza fomu yoyote. Toa kurasa zako kumi zinazosomwa zaidi. Kando ya kila moja andika, kwa lugha ya nyumbani, msomaji alikuwa anataka nini alipoifungua. Kisha andika jina la mfanyabiashara mmoja unayemjua, aliye hai, anayeuza kitu ambacho ungemruhusu mdogo wako akinunue, ambaye angefurahi kusimama pale. Ukipata majina sita au zaidi, anza kwa kuwapigia simu hao, mtandao uje baadaye. Ukipata mawili au matatu, bado una kazi ya kuandika, rudi kwenye kalamu. Na ukiona majina yanayokujia ni ya watu ambao ungemwonya mdogo wako dhidi yao, nakuomba usiweke matangazo. Tafuta michango, tafuta taasisi, tafuta kazi nyingine ya kuilisha tovuti, lakini nafasi hiyo iache wazi.